Bao na Watazamaji Wake

Neno mchezo hutamkwa na watu wazima wengi kwa dharau kidogo. Mtu akisema jambo fulani ni mchezo tu, humaanisha kuwa halina uzito. Walakini yeyote atakaye kujua jinsi watu wa pwani yetu walivyofikiri, walivyoshindana na walivyoheshimiana, hatafika mbali asipoketi kwanza barazani akatazama bao. Katika insha hii twakusudia kueleza mahali pa mchezo huo katika maisha ya kila siku, na hasa kumtaja mtu mmoja ambaye waandishi hupenda kumsahau, yaani mtazamaji.

Ukoo wa bao ni mkubwa. Kule Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru nchini Kenya, mashimo ya mchezo wa namna hii yamechongwa katika mwamba. Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, watu wa Malawi wana bawo, na Wangazija wana mraha. Afrika ya Magharibi nayo ina michezo ya jamii hiyo hiyo, lakini mingi ya kwao ni ya safu mbili, ilhali ya kwetu ni ya safu nne. Mwaka 1894 Mmarekani Stewart Culin aliuita ukoo huo mchezo wa taifa wa Afrika. Na wageni walipokuwa wakishangaa hivyo, Mombasa ilikwisha kuwa na mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, ambaye alilitia bao katika mashairi yake bila kuona haja ya kulifafanua. Aliwaandikia watu waliolijua.

Kwa ajili ya msomaji asiyelijua, tueleze kidogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Katika bao la kujifunza, kete zote hupangwa mbilimbili tangu mwanzo. Katika bao lenyewe, kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, ambalo mara nyingi huchongwa kwa umbo la mraba, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayofuata. Kete 22 zilizobaki huziweka akiba, akaziingiza moja moja kila zamu yake ifikapo. Awamu hiyo ndiyo namua. Akiba ikiisha huingia awamu ya mtaji. Anayeweza kula hana ruhusa ya kuacha kula, asiyeweza hutakasa. Aliyebaki na safu ya mbele tupu, au asiye na namna ya kucheza, ameshindwa.

Hebu tuyatazame maneno hayo. Kete huliwa na hulala. Nyumba hulindwa, na siku moja husafiri. Mwisho wa safu ni kichwa. Na mchezo unaoleta faida ni mtaji, neno lile lile la mfanyabiashara anayetafuta fedha za kufungulia duka. Watu waliotunga istilahi hizi walikuwa wenye nyumba, wasafiri na wachuuzi, nao hawakwenda mbali kutafuta maneno. Waliyachukua sebuleni na sokoni. Leo tunapounda istilahi za fizikia na kemia kwa taabu kubwa, pengine ingetufaa kujua kwamba wazee wetu walikwisha kuifanya kazi hiyo huku wakinywa kahawa.

Na hesabu yake si ndogo. Upande wa mchezaji mmoja una mashimo 16. Kwa hiyo akishika kete 18 katikati ya mwendo, zitazunguka upande wake wote, na ya mwisho itaangukia shimo la pili baada ya lile alilozitoa. Fundi hatumii kidole kuhesabu. Huona kwa jicho mahali kete ya mwisho itakapofika, atakachokula hapo, atakapoanza tena kusambaza, na jibu la mwenzake. Mholanzi Alex de Voogt alilichunguza jambo hili kwa mafundi wa Zanzibar, akaandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 kuhusu mipaka ya akili ya mwanadamu. Hatuna hakika kama mafundi wenyewe walihitaji kuambiwa kuwa wana akili, lakini yafaa walimu wetu wa hisabati waambiwe.

Sasa tumrudie mtazamaji. Bao huchezwa na watu wawili, lakini mara nyingi barazani huwa na watu wanane au kumi. Hao wengine wanafanya nini? Wanajifunza. Bao halikuwa na darasa wala kitabu cha kiada. Kijana alikuja akasimama nyuma ya mabega ya wakubwa, akatumwa maji, akarudi, akaendelea kutazama, hata siku moja mchezaji alipoitwa nyumbani akaambiwa aketi. Watazamaji hucheka, hutania, hukumbushana mchezo wa jana, na hushuhudia kuwa hakuna aliyedanganya. Mvuvi akimshinda karani mbele yao, habari hiyo hufika mtaa wa pili kabla ya magharibi. Fikra ambayo kwa kawaida hufichika kichwani mwa mtu hapa hutendeka hadharani, na kila mmoja aweza kuipima.

Tusilipambe baraza hilo kupita kiasi. Lilikuwa la wanaume. Wasichana walikuwa na mdako, na baadaye rede, michezo inayodai wepesi wa mkono na wa akili; lakini sifa ya ufundi iliyotangazwa mtaani ilikuwa ya wanaume, na hilo ni upungufu ambao historia haiwezi kuufunika.

Shule za kikoloni zilikuja na ratiba, kengele na kandanda. Kandanda iliingia darasani kama malezi. Bao lilibaki nje kama uzembe. Hukumu hiyo ilidumu hata baada ya mkoloni kuondoka. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa bao, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba wasomi walijivunia kucheza dansi za Kizungu huku wakizisahau ngoma zao. Ngoma ziliitikia wito huo. Zilipata kikundi cha taifa, zikapata majukwaa, na kuanzia mwaka 1981 zikafundishwa katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Bao halikupata heshima ya kiasi hicho, nasi twadhani sababu ni nyepesi: bao halipendezi jukwaani. Halina mavazi wala mdundo, na mgeni wa heshima aliyeketi mbali haoni kitu. Hivyo utamaduni ulipogeuzwa kuwa maonyesho, mchezo unaodai mtazamaji wa karibu uliachwa nyuma. Leo mbao zake zauzwa katika maduka ya vinyago, nyingine zikiwa za kukunja ili ziingie vizuri katika mizigo ya watalii.

Katika miaka hiyo hiyo mchezo wa namna nyingine ulikuwa ukizaliwa kwingine. Mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, William Higinbotham aliwaonyesha wageni tenisi iliyochezwa katika kioo cha chombo cha kupimia umeme. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa Pong, na tangu hapo michezo ya video imeenea ulimwenguni mwote. Imetufikia nasi, kwanza kwa wenye televisheni, kisha katika vibanda vya mitaani, na sasa katika simu.

Wazazi na walimu wengi huviona vibanda hivyo kama viota vya utoro. Wana haki ya kulalamika pale mtoto anapokimbia shule, au anapotumia nauli yake kulipia gemu. Lakini aingiaye kibandani kwa utulivu ataona jambo asilolitazamia. Vijana wawili wanacheza kandanda ya kompyuta, na wanane wamesimama nyuma ya mabega yao. Wanacheka, wanatania, wanakumbushana mchezo wa jana. Aliyefungwa anampisha mwingine. Yule mdogo aliyetumwa maji amerudi, naye anatazama. Baraza limehama, halikufa. Na mtoto anayestahili kuhurumiwa zaidi ni yule anayecheza na simu peke yake chumbani, asiye na shahidi wala mwalimu.

Tofauti kubwa tuitafute kwingine, nayo ni umiliki. Bao halina mwenyewe. Watoto huchimba mashimo 32 mchangani, wakaokota kokoto, na mchezo umekamilika; sheria zake zote zi wazi kwa aliye tayari kutazama. Sheria za mchezo wa video zimefungwa ndani ya programu iliyoandikwa na watu wa mbali, na kijana huzijua kwa kubahatisha tu. Aweza kuwa bingwa wa mtaa mzima bila kujua kinachotendeka nyuma ya kioo.

Mlango huo, hata hivyo, haukufungwa kabisa. Mwaka 2002 wataalamu wa kompyuta wa Maastricht, Uholanzi, walichapisha maelezo ya jinsi ya kuandika programu inayocheza bao. Mwanafunzi wetu wa sekondari anayesoma kompyuta aweza kujaribu kazi kama hiyo. Safu, mashimo na kusambaza kete havitamsumbua sana. Atakapofika kwenye nyumba ndipo atakapokwama: kete ya mwisho ya aliyekula ikiangukia humo, mchezaji ana hiari ya kulala au kuisafirisha, na uamuzi huo hutegemea mambo ambayo mafundi huyaona kwa jicho. Itambidi azime mashine, aende barazani baada ya alasiri, na asimame nyuma ya bega la mtu.