Ajali za ndege ndogo wakati wa kutua: anachopaswa kujua mwenye mzigo

Dakika chache kabla ya magurudumu kugusa ardhi ni kipindi cha hatari kubwa katika safari ya ndege ndogo. Ndege iko chini na mwendo umepunguzwa. Rubani akikosea kimo, au akipigwa na upepo wa ghafla, hana nafasi ya kutosha ya kujirekebisha.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliowahi kuokoa, kwa mitumbwi yao. Kabla ya hapo, Aprili 2006, ndege ya jeshi la Kenya iligonga kilima ikikaribia Marsabit na kuua watu 14, wakiwemo wabunge waliokuwa katika safari ya kusuluhisha jamii za mpakani.

Viwanja vingi vidogo havina mitambo ya redio ya kuongoza ndege hadi njiani, hivyo rubani hutegemea macho yake. Kanuni inayofuatwa na mashirika mengi ni kwamba ikifika futi 1,000 ndani ya mawingu, au 500 anga likiwa safi, ndege iwe tayari katika mwendo na mstari sahihi. La sivyo, ipande tena. Mwenye samaki wanaosubiriwa sokoni huona mafuta yanaungua bure, na wapo wanaompigia rubani simu kumhimiza. Hilo ni kosa.

Mzigo ukipotea, fidia ya safari za kimataifa hufuata Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimejiunga nao. Tangu Desemba 2024 kikomo ni SDR 26 (kipimo cha fedha cha IMF) kwa kilo. Hulipwi kwa thamani: katoni ya simu yenye kilo 20 haizidi SDR 520, kama dola 700 hivi, hata kama simu hizo ni za dola 15,000. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kutangaza thamani wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa nyongeza, au kukata bima yako mwenyewe. Mzigo ulioharibika ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 14 baada ya kuupokea. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2.