Kizalishi cha Msimbo

Katika uundaji wa programu za kompyuta kuna chombo ambacho kazi yake ni kuandika programu nyingine: mtu hukipa maelezo mafupi ya jambo alitakalo, nacho humrudishia msimbo, yaani matini ya amri zifuatwazo na kompyuta, uliotimia na ulio mrefu mara nyingi kuliko maelezo yenyewe. Wako wanaokiita jenereta, na neno hilo si geni masikioni mwetu, ila lina taksiri moja, kwamba limekwisha kumilikiwa na mashine ya umeme inayonguruma nyuma ya duka. Kwa hiyo makala haya yanapendelea kizalishi cha msimbo, jina lililofuata kanuni ileile iliyotupa kichapishi, na ambalo kitenzi chake, kuzalisha, kilikuwa kazi ya mkunga kabla hakijawa kazi ya viwanda.

Mkunga hazai, humpokea mtoto wa mwingine, na nasaba ya mtoto huhesabiwa kwa wazazi wake. Vivyo hivyo msimbo utokao katika kizalishi nasaba yake ni maelezo aliyoyaandika mtu, na mwenye kutaka kuurekebisha sharti arejee kwenye maelezo hayo, asiuguse msimbo wenyewe. Faida za chombo hiki aghalabu hutokana na kulishika sharti hilo, na hasara zake nyingi hutokana na kulivunja.

Chombo chenyewe si cha jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita waliokuwa watayarishaji programu wa kwanza wa kompyuta ya ENIAC huko Marekani, aliiandikia kompyuta ya UNIVAC programu ambayo, ikisha kuelezwa umbo la kumbukumbu na namna ya kuzipanga, ilitunga yenyewe programu ya kuzipangia. Katika miaka ya 1970 Stephen C. Johnson wa Bell Labs alitunga Yacc, na hapo uhodari wa vizalishi ulidhihiri kwa wengi. Msanifu wa lugha ya kompyuta huandika sarufi yake kwa kanuni chache, mathalani kwamba sentensi yaweza kuwa «ikiwa», kisha sharti, kisha sentensi nyingine, na kwamba baada yake yaweza kufuata «la sivyo» na sentensi ya pili. Yacc huzigeuza kanuni hizo kuwa faili la lugha ya C, liitwalo y.tab.c, lililojaa majedwali ya tarakimu ambayo mwanadamu lau angeyaandika kwa mkono angekesha nayo na bado akakosea.

Lakini mtu akiandika «ikiwa» mbili, moja ndani ya nyingine, kisha «la sivyo» moja, hiyo «la sivyo» ni ya nani? Sarufi haikusema. Yacc huikabidhi kwa «ikiwa» iliyo karibu nayo, hutangaza kwa mstari mmoja kwamba pametokea mgongano, na kazi huendelea. Uamuzi huo kwa kawaida ndio autakao msanifu. Ila asiyeusoma mstari ule hajui kwamba ameamuliwa, na siku kosa litakapozuka atalitafuta katika majedwali yasiyosomeka. Hata watunzaji wa GCC, programu inayotafsiri msimbo wa C na C++ kuwa amri za mashine, ambao walikuwa wakitumia Bison, ndugu ya Yacc, waliiacha na kuandika kwa mkono vichanganuzi vyao, yaani programu zinazousoma msimbo kwa kufuata sarufi, cha C++ katika toleo la 3.4 la mwaka 2004, na cha C katika toleo la 4.1 la mwaka 2006.

Mahali ambapo kizalishi hakina mpinzani ni pale programu mbili za lugha mbalimbali zinapopaswa kuelewana. Google ilipoitoa Protocol Buffers hadharani mwaka 2008, iliwapa watu njia ya kueleza ujumbe kwa mistari michache, kila uga na jina lake na namba yake, na kutokana na maelezo hayo kuzalisha msimbo wa Java, wa Python na wa C++ usiotofautiana katika maana. Juu ya mafaili hayo huandikwa onyo kwamba yasihaririwe. Anayelipuuza, akatia kiraka cha haraka kwa mkono, hukipoteza mara tu kizalishi kitakapoendeshwa tena. Na akiacha kukiendesha ili kukinusuru kiraka chake, basi amejitwika maelfu ya mistari ambayo hakuitunga na ambayo maelezo yake hayaisadifu tena.

Tangu mwaka 2021, GitHub Copilot ilipotokea, jina hilihili la kizalishi limeanza kupewa vyombo vya akili mnemba, navyo, kwa rai yangu, havilistahili. Yacc ileile ikipewa sarufi ileile leo na mwakani italeta faili lilelile. Hivi vipya vyaweza kujibu ombi moja kwa misimbo miwili tofauti, kwa hiyo ombi haliwezi kutunzwa badala ya msimbo. Istilahi ya kizalishi na ibaki kwa kile cha kwanza. Hiki cha pili kiitwe mwandishi msaidizi, na alichokiandika kisomwe na kutunzwa kama msimbo wa mwandishi mwingine yeyote katika kundi.