M-Pesa Ilitungwa na Nani?



Juzi hapa Uingereza nilikaa kwenye mkutano mmoja, mzungumzaji akasema M-Pesa ni zawadi ya wahandisi wa Ulaya kwa Afrika. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kunyanyuka, nikajizuia, lakini roho haijatulia mpaka leo.

Tuanze kwa kuwapa haki yao. Wazo lilitoka Vodafone, kwa Nick Hughes, na mwenzake Susie Lonie ndiye aliyekwenda Kenya kulisimamia. Wizara ya misaada ya Uingereza ilichangia fedha za kuanzia. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, na seva zake zilikaa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa hiyo anayesema mashine ilitoka nje hasemi uongo.

Lakini hivi, walitunga programu ya kazi gani? Si ya kutumiana pesa! Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, na lengo lilikuwa marejesho ya mikopo midogo ya taasisi iitwayo Faulu. Mwanachama wa kikundi angelipa rejesho lake kwa simu badala ya kubeba noti mpaka kikaoni. Washiriki hawakufika hata 500.

Wananchi wakaipokea, wakaigeuza. Wafanyabiashara wakaanza kulipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya jioni wakayatoa asubuhi, kama vile simu ni sanduku la chuma. Msafiri aliweka pesa mji huu akazitoa akifika mji ule, asiibiwe njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawarushia jamaa zao walioko mashambani. Huku lile lengo lenyewe la mikopo likawa na kero, manake vitabu vya taasisi na mahesabu ya simu vilikuwa havisomani. Tena kikao cha kikundi hakikuwa cha kukusanya noti tu: pale watu walionana uso kwa uso, na kuonana huko ndiko kulikokuwa dhamana ya mkopo.

Hughes na Lonie wenyewe waliyaeleza haya waziwazi mwaka 2007, na ni sifa yao kwamba walitazama wakasikia. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo iliwekwa kando, ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha wateja walizidi milioni 1.

Kwa nini nyumbani? Sisi hatuhitaji kuambiwa. Tumekulia kwenye bahasha aliyopewa kondakta wa basi, na hundi za wafanyabiashara wa pwani zilizovuka bahari kwa neno la mtu tu. Kabla ya M-Pesa, mtu alikuwa anakwangua vocha mjini na kumsomea ndugu yake tarakimu kwa simu, naye huko anaiuza apate chumvi na mafuta ya taa. Njia ilikuwa imeshakanyagwa, programu ikaja kupita juu yake. Pasipo na njia hiyo, mashine ile ile ilikwama: Afrika Kusini ilianza 2010 ikafungwa 2016, kwa kuwa wengi walikuwa na akaunti za benki tayari na mtandao wa mawakala haukukomaa.

Sasa uchungu wangu uko hapa. Programu hizi za pesa bado zimebeba dhana kwamba mtu ni mmoja, simu ni moja, na namba ya siri ni yake peke yake. Marehemu mama yangu, Tanga, hakuona maandishi madogo. Namba ya siri alikuwa nayo mjukuu. Kwa masharti ya kampuni alikosea. Kwa desturi ya nyumba yetu, huo ndio uaminifu wenyewe. Siku moja mjukuu aliambiwa alipe duka la dawa, akakosea tarakimu moja, pesa zikaenda kwa mtu baki na hazikurudi. Aliyetunga ile menyu hakuwahi kumwazia bibi na mjukuu wake.

Watu wakajitungia adabu zao. Ukituma, unatuma "na ya kutolea", yaani unaongeza gharama ya wakala ili mpokeaji asipunjike. Hilo halikutoka Cambridge.

Basi historia ikiandikwa kwamba mtunzi ni mhandisi peke yake, programu ijayo nayo itaandikwa bila kumuuliza mama. Wengi wetu humu tunafundisha. Ombi langu: tukirudi likizo, tukae na makondakta wa zamani, wauza vocha na mawakala wa mwanzo, tuyaandike waliyoyaona. Wanazeeka, na wengine wameshatangulia.

Nawasilisha. Nikosoeni.