Safu ya Yanonge na mahali pa kumbukumbu kando ya mto Kongo

Yanonge ni mji mdogo ulio upande wa kushoto wa mto Kongo, karibu kilomita 60 ukishuka mto kutoka Kisangani, katika teritwari ya Isangi, jimbo la Tshopo. Wasafiri wengi huupita tu, wakiwa ndani ya mtumbwi au juu ya pikipiki, kwa sababu wanakimbilia Isangi au Yangambi. Ndugu msomaji, makala hii inakualika usimame kidogo. Katika sehemu hii ya mto kuna tunda linalojenga mwili, na kuna mahali ambapo historia yetu ilipita. Vyote viwili vinaweza kupotea tusipovifundisha nyumbani.

Safu ni tunda gani?

Safu huzaliwa na mti ambao wataalamu huuita Dacryodes edulis. Ni mti wa asili wa Afrika ya kati na ya magharibi, kuanzia Nigeria na Kameruni hadi Gabon na Kongo. Katika mji wa Kisangani na vijiji vya Tshopo hupandwa sana karibu na nyumba. Tunda lina urefu wa sentimita 4 hadi 12. Likiwa changa lina rangi ya waridi. Likiiva huwa la buluu iliyokolea au zambarau inayokaribia weusi. Ndani kuna nyama laini na mbegu moja kubwa.

Safu haina utamu wa embe. Ina mafuta na uchachu kidogo, kwa hiyo huliwa kama kitoweo. Haipikwi muda mrefu: hutiwa katika maji ya moto kwa dakika chache, au hufukiwa katika majivu ya moto mpaka ilainike. Kisha hutiwa chumvi kidogo na kuliwa pamoja na muhogo, kwanga, ndizi ya kuchoma au mahindi.

Faida yake mwilini

Nyama ya safu iliyokaushwa ina mafuta mengi: mara nyingi kati ya thuluthi moja na zaidi ya nusu ya uzito wake. Ina pia protini na madini. Jambo hili ni la maana kwa familia zinazokula muhogo kila siku, kwa maana muhogo hushibisha lakini una protini na mafuta kidogo sana. Tena, mwili unahitaji mafuta ili upokee vizuri vitamini A iliyo katika sombe na mboga nyingine za majani. Mama anayemlisha mtoto mdogo atoe mbegu kwanza, aiponde nyama, kisha aichanganye na chakula chake. Safu haiwezi kuchukua nafasi ya samaki, maharagwe au mayai, lakini ni msaada ambao mara nyingi uko nyuma ya nyumba.

Shida ya kwanza ni kwamba safu ikishachumwa hulainika na kuharibika baada ya siku chache. Safari ya kwenda soko la Kisangani ikichelewa, mwenye vikapu anapata hasara. Shida ya pili ni kubwa zaidi. Kisangani inapikia makaa na kuni, na msitu wa kandokando ya barabara na mto unakatwa kwa ajili hiyo. Gunia la makaa huleta pesa leo. Mti wa safu uliopandwa kwa mbegu huanza kuzaa baada ya miaka kama mitano au zaidi. Hata katika vita, Kumbukumbu la Torati sura ya 20 inakataza kukata miti ya matunda. Sisi tunaikata wakati wa amani.

Mahali pa kujua kwenye njia hii ya mto

Yakusu. Iko upande wa kulia wa mto, karibu na Kisangani. Wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza walianza kazi hapo katika miaka ya 1890. Mwaka 1920 alifika daktari Clement Chesterman, wakati ugonjwa wa malale ulipokuwa ukimaliza vijiji. Hakungoja wagonjwa hospitalini tu. Yakusu ilifundisha wauguzi Wakongomani, nao wakatumwa kwenye zahanati za vijijini. Baadaye daktari Stanley Browne alihudumu hapo, akijulikana kwa kazi yake juu ya ukoma. John Carrington, mmisionari mwalimu, alijifunza ngoma za Walokele zinazopeleka ujumbe kwa kufuata sauti ya juu na ya chini ya lugha, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949.

Yangambi. Iko pia upande wa kulia, karibu kilomita 100 kutoka Kisangani. Taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliundwa mwaka 1933, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu. Leo inaitwa INERA. Hapo iko hazina ya mimea iliyokaushwa, zaidi ya vielelezo 100,000. Ni hapo pia watafiti walipoonyesha, mwaka 1941, jinsi aina mbili za michikichi zinavyozaa aina yenye mafuta mengi.

Isangi. Hapo mto Lomami unaingia katika mto Kongo. Katika miaka ya 1880 watu wa Tippu Tip walikuwa na kituo hapo, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Vijiji vingi viliteseka. Kiswahili kilifika Kisangani kwa njia hiyo ya machozi, na leo tunakitumia kuhubiri na kuombea. Watoto wetu wanastahili kuijua habari hiyo yote, si nusu yake.

Tufanye nini?

Wauguzi wa Yakusu walipeleka afya kijijini, hawakuisubiri mlangoni pa hospitali. Sharika zetu zinaweza kufuata njia hiyo hiyo. Kila parokia iliyo katika nchi ya msitu ipande safu katika uwanja wake. Mbegu ipandwe mara tu inapotolewa, kwa sababu haikai muda mrefu ikiwa na uhai. Kikundi cha akina mama kifundishe namna ya kumlisha mtoto kwa vyakula vya kwetu. Walimu wa shule ya Jumapili wawaalike wazee waeleze habari za Yakusu na Isangi, na kijana mmoja aandike. Wazee hao hawatakuwa nasi siku zote. Na safu tunazokula leo, nyingi zilipandwa na mtu ambaye hakujua ni nani atakayezichuma.