Shahada ya kuitumikia jamii: mafunzo ya Wayahudi wa Marekani na swali la taasisi zetu Rubavu

Katika Wilaya ya Rwamagana, Mkoa wa Mashariki, kipo kijiji cha vijana kiitwacho Agahozo-Shalom. Jina hilo linaunganisha lugha mbili: "agahozo" la Kinyarwanda, yaani mahali machozi yanapofutwa, na "shalom" la Kiebrania, amani. Kilifunguliwa mwaka 2008 ili kuwapokea vijana waliobaki yatima baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, pamoja na wengine wanaoishi katika mazingira magumu. Mwanzilishi wake, Anne Heyman, alikuwa mwanasheria mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeishi New York. Mfano aliuchukua kutoka Yemin Orde, kijiji cha vijana nchini Israel, na miongoni mwa waliomshika mkono mwanzoni ni JDC, shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani lililoundwa mwaka 1914.

Heyman alifariki dunia Januari 2014. Kijiji hakikufungwa. Wapo wanaoeleza jambo hilo kwa baraka na nia njema, na hatuna sababu ya kuwapinga. Lakini nia njema hailipi mishahara ya walimu wala haiandai ripoti ya mfadhili. Kazi hiyo hufanywa na watu waliofundishwa kuifanya, na kwa Wayahudi wa Marekani ina shahada yake ya uzamili.

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1895, mashirika ya hisani ya Wayahudi wa Boston yaliungana katika shirikisho moja, likawa la kwanza la aina yake nchini humo. Badala ya kila kituo cha yatima na kila chama cha wajane kubisha hodi kwa matajiri wale wale, mchango ulikusanywa mara moja, kisha ukagawanywa kwa mpango. Mfumo huo ulienea mijini, na kadiri fedha zilivyoongezeka ndivyo swali lilivyozidi kuwa zito: ni nani anayefaa kuzisimamia? Mtoaji mwenyewe? Rabi? Mwaka 1925 jibu mojawapo lilipatikana New York, ilipofunguliwa shule ya uzamili ya ustawi wa jamii iliyowalenga Wayahudi. Ilifungwa mwaka 1940. Baadaye Chuo Kikuu cha Yeshiva kilianzisha shule yake ya ustawi wa jamii mwaka 1957, Hebrew Union College ikafungua shule ya utumishi wa jumuiya ya Kiyahudi mjini Los Angeles mwaka 1968 chini ya Gerald Bubis, na Chuo Kikuu cha Brandeis, karibu na Boston, kikafuata mwaka 1969 na programu iliyokuja kujulikana kwa jina la Hornstein.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni yale yanayofundishwa. Mwanafunzi hujifunza bajeti, sheria za mashirika yasiyo ya faida, uchangishaji wa fedha na namna ya kufanya kazi na bodi ya watu wa kujitolea, ambao mara nyingi ni matajiri na wagumu kuambiwa la. Sambamba na hayo husoma historia ya Wayahudi, maandiko yao na hali ya jumuiya zao ulimwenguni. Hupelekwa pia katika taasisi halisi kufanya mazoezi ya kazi. Wengi wametoka na shahada mbili kwa pamoja: Los Angeles, kwa mfano, masomo ya Kiyahudi yaliunganishwa na shahada ya utawala wa umma au ya ustawi wa jamii kutoka Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Hoja yao ni kwamba mhasibu asiyeijua jamii ataiongoza kama duka, na mcha Mungu asiyejua hesabu ataifilisi huku akiiombea.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Katika utawala wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wakabaki mamia tu. Gershom Sizomu, mmoja wa viongozi wao, alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akatawazwa mwaka 2008, kisha akarudi nyumbani. Jumuiya hiyo ina shule ambazo watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu husoma pamoja, na ina kituo cha afya mjini Mbale kinachohudumia watu wa dini zote.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa Gisenyi? Waislamu nchini Rwanda ni takriban asilimia 2 ya wananchi, na kwa miaka mingi jina "Mswahili" limetumika hapa kumaanisha Mwislamu. Nao wana misikiti, madrasa, shule, zaka na wakfu. Hata neno la Kiebrania la utoaji, "tsedaka", ni ndugu wa damu wa sadaka yetu. Sheria Na. 72/2018 kuhusu mashirika ya kidini iliwataka wahubiri wenye majukumu ya usimamizi wawe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine yenye kuambatana na cheti cha elimu ya dini, ikawapa miaka 5 ya kujiandaa. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi mimbari. Yule anayeshika daftari la michango hakuzungumziwa sana, ilhali ndiye anayetafutwa siku ya shida. Mto Sebeya ulipofurika Mei 2023 na kubomoa nyumba za wakazi wa Rubavu, haja ilikuwa ya haraka: nani amepoteza nini, nani ameshapata, kilichobaki kipo wapi. Kwa maoni yetu, maswali hayo yanahitaji elimu sawa na ile ya tafsiri ya maandiko.

Njia zipo, japo si shahada moja iliyokamilika. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, mji ule ule wa Abayudaya, hufundisha elimu ya Kiislamu na pia masomo ya uongozi na biashara. Hapa nyumbani, ULK ina kampasi yake Gisenyi. Kijana anayeanza na moja kati ya elimu hizo mbili atalazimika kuitafuta ya pili kwa muda na gharama zake mwenyewe, isipokuwa pale ambapo kamati ya msikiti au shule itakubali kumlipia ada kwa sharti la kurudi kuitumikia.