Fuso la Shinyanga Lina Turbo, Mbona Gesi Haijafika?

Kama uko mtandaoni sana, hizi video umeshakutana nazo. Mmarekani ana lori la mwaka 47, anafungua boneti, anafunga tangi la propane, anaongeza turbo, anawasha, linanguruma mpaka simu inatetemeka. Dizeli ikipanda bei, kila mwenye tipa Geita anaangalia ile video na kujiuliza: kwani na sisi tunashindwa nini?

Swali zuri. Ila jibu lake haliko gereji tu, liko kwenye historia. Vitu vyenyewe ni viwili, turbo na gesi, na kila kimoja kimekuja kwetu kwa njia yake. Kimoja kimefika Kanda ya Ziwa zamani. Kingine bado kiko Pwani.

Tuanze na turbo. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati miliki ya wazo moja: moshi unaotoka kwenye injini una nguvu inayopotea bure. Ukiupitisha kwenye feni ndogo, ile feni inazungusha feni ya pili inayoshindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi, na nguvu inaongezeka. Turbo ya lori inaweza kuzunguka hadi mara 100,000 kwa dakika. Ndo maana suka mzoefu akifika stendi hazimi gari papo hapo, analiacha lingurume dakika moja mbili turbo ipoe.

Sasa kwa nini hii kitu ni muhimu zaidi kwa watu wa Shinyanga na Geita kuliko wa Dar? Hewa! Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji yetu iko huko huko juu. Ukipanda hivyo, hewa inapungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe, kwa hiyo lori lililokuwa na nguvu zake pale bandarini, likifika Tinde limeshapungukiwa kabla hata hujapakia gunia moja. Na sisi tunavyopakia tunajuana, lumbesa juu ya lumbesa.

Malori mengi ya zamani, zile Bedford za Muingereza zilizobeba pamba enzi za vyama vya ushirika, hayakuwa na turbo. Yalikohoa tu na moshi mweusi. Mabadiliko yalianza 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, mzee wa ruksa, na mlango ukazidi kufunguka. Miaka iliyofuata mitumba ya Japani ikamiminika, magari mazima na injini zake. Hapo mafundi wetu wakajifunza kusoma herufi moja tu. Injini ya Mitsubishi 6D16 haina turbo, 6D16T inayo. Isuzu 6BG1 haina, 6BG1T inayo. Hiyo T ndo pesa.

Na hapa wengi wanakosea. Turbo ukiichomeka kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo, peke yake haikupi kitu kikubwa mpaka uongeze mafuta kwenye pampu. Ukiongeza mafuta, joto linapanda. Injini yenye T kiwandani imetengenezwa kuhimili hilo: pistoni ni imara zaidi, na nyingi zinarushiwa oili kwa chini zipoe. Ya kawaida haina hayo. Unapata raha wiki mbili, ya tatu gasketi ya hedi imeondoka. Ndo maana fundi makini atakwambia tafuta injini nzima yenye T, usibandike.

Haya, gesi sasa. Hapa historia inauma kidogo.

Mwishoni mwa 1973 kulikuwa na vita Mashariki ya Kati, na ndani ya miezi michache bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne. Nchi kama yetu ikashikwa pabaya. Sasa sikia: mwaka 1974, wakati huo huo tunalia na bei ya mafuta, gesi asilia ikagunduliwa Songo Songo, kule Kilwa. Yaani shida na dawa vilikuja pamoja! Lakini dawa ilikaa ardhini miaka 30. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar kwa bomba mwaka 2004, na ikaenda zaidi kwenye kuzalisha umeme. Bomba kubwa la kutoka Mtwara kuja Dar likazinduliwa 2015. Leo bajaji na teksi za Dar zinatembelea gesi, na mafundi wa DIT wanafunga mifumo hiyo.

Angalia ramani. Mabomba yote mawili yanaishia Dar. Kutoka hapo mpaka Shinyanga ni karibu kilomita 1,000 za barabara. Dizeli inabebwa na tenka la kawaida. Gesi asilia lazima ishindiliwe kwa mgandamizo wa bar 200 hivi na ibebwe kwenye mitungi mizito. Kwa hiyo tusiseme watu wa Kanda ya Ziwa wamelala. Bomba ndo halijafika.

Mjanja atasema: basi tutumie gesi ya mtungi, ile ya jikoni, si ndo propane yenyewe? Ni kweli, ni mchanganyiko wa propane na butane, na Kahama inauzwa kila kona. Chicago ilikuwa na mamia ya mabasi ya propane miaka ya 1950. Lakini yale mabasi yalikuwa na plagi. Injini ya dizeli haina plagi, inawasha mafuta kwa joto la kushindilia hewa. Propane haikubali kuwaka vizuri kwa njia hiyo, kwa hiyo unabaki na njia mbili: ufumue injini uweke plagi na kupunguza mshindilio, au uchanganye gesi kidogo na hewa huku dizeli ikiendelea kuwasha. Ukichanganya kisha ukaongeza turbo, joto linazidi, gesi inawaka kabla ya wakati wake, pistoni inatoboka. Unakuwa umenunua oveholi.

Na hesabu yenyewe haikubebi. Mtungi wa kilo 15 una nishati sawa na lita 19 hivi za dizeli. Fuso lenye mzigo linalokula lita moja kwa kilomita nne linakwenda kilomita 76, mtungi kwisha. Tena ukiinyonya gesi haraka hivyo, mtungi wa jikoni unaganda barafu na presha inashuka.

Kubwa kuliko yote ni hili. Propane ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inashuka na kutulia chini. Gereji zetu zina nini chini? Shimo la fundi. Kule machimboni kuna nini? Maduara yenye watu ndani. Cheche moja inatosha. Tangi halisi la gari lina vali zinazojifunga zenyewe na halijazwi zaidi ya asilimia 80. Mtungi wa jikoni uliofungwa kwa waya nyuma ya kebini haukutengenezwa kwa kazi hiyo, na anayelala pale pembeni ni utingo, mtoto wa mtu.

Kwa hiyo kama una Fuso la zamani, pesa yako iende kwenye injini yenye T na nozeli safi. Gesi tuidai kwa wakubwa: vituo vifuate barabara ya malori, Dodoma, Singida, Nzega, mpaka Isaka ambako mizigo ya Rwanda na Burundi inapita kila siku. Gesi imejulikana tangu 1974, muda wa kutosha.

Masuka na mafundi wa Kahama, Katoro na Shinyanga mjini, mnasemaje? Kuna mtu ameshafunga gesi kwenye dizeli na injini bado inadunda? Shuka kwenye komenti utuambie, na utaje injini gani.