Stima ya barafu na watu 88 wa Mattmark

1. Kila mjadala wa bei ya stima ukianza, kuna mtu atasema: "Tujenge mabwawa, stima ya maji ni rahisi, angalieni Uswizi." Sawa, tuiangalie. Mimi nawapeleka Mattmark.

2. Kwanza mjue inavyofanya kazi. Barafu ilichonga milima ya Alps kwa maelfu ya miaka, ikaacha mabonde yenye kina. Ukiziba bonde kwa ukuta, umepata bwawa. Msimu wa joto barafu inayeyuka na bwawa linajaa. Baridi ikija, watu wakihitaji stima zaidi, maji yanaachiliwa yaporomoke hadi kwenye mitambo huko chini.

3. Baada ya vita vya 1939-45, Waswisi walijenga mbio mbio. Ukuta wa Grande Dixence, wenye urefu wa mita 285, ulikamilika 1961. Vibarua wengi walitoka nje, hasa Italia.

4. Kule Mattmark, jimbo la Valais, vibanda vya wafanyakazi, karakana na kantini viliwekwa chini ya ulimi wa barafu ya Allalin. Barafu ya mlimani haitulii, husonga. Na hii ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vyao.

5. Tarehe 30 Agosti 1965, jioni, ulimi ukakatika. Barafu na mawe, karibu mita za ujazo milioni 2, zikafunika kambi kwa sekunde chache tu. Walikufa watu 88. Waitaliano walikuwa 56, Waswisi 23.

6. Kesi ilisikizwa 1972, miaka saba baadaye. Washtakiwa 17, wote wakaachiliwa: ati mkasa haukuweza kutabirika. Familia zikakata rufaa, zikashindwa, halafu zikaamriwa kulipa nusu ya gharama za kesi. Yaani umezika mtu wako, na bili ni yako.

7. Bwawa lilimalizwa, na linazalisha stima mpaka leo. Mimi sipingi mabwawa. Ninachouliza ni hiki: tukisema "rahisi", ni rahisi kwa nani? Bei ya uniti haina mstari wa waliokufa.

8. Kwa hivyo mwanasiasa yeyote, wa mrengo wowote, akiwaahidi mradi mkubwa, msiulize megawati pekee. Ulizeni kambi ya vibarua itakaa wapi, nani ameikagua, na mambo yakiharibika nani atajibu kortini. Akikosa jibu kabla ya kura, msitarajie atalipata baadaye.